Usingizi wa macho wazi: ketamini tuifungie au tuiachie?

Mpwa wangu alianguka na bodaboda barabara ya Pangani. Mguu ulivunjika juu kidogo ya kifundo, unyayo ukaangalia upande usio wake. Hospitali tuliyomfikisha sitaitaja, maana sina la kuilaumu wala la kuitangaza. Mtaalamu wa usingizi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimchoma sindano ya mshipa polepole, jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani. Watu wa kazi walikuwa wachache usiku ule, basi nikaruhusiwa kusimama pale kumshika kichwa.

Nilisubiri afumbe macho. Hakufumba. Macho yalibaki wazi, mboni zikawa zinacheza kushoto na kulia kama za mtu anayesoma gazeti kwa pupa, mate yakaanza kumchuruzika pembeni mwa mdomo. Daktari akaushika mguu akauvuta, mfupa ukalia ulipoingia mahali pake, na kijana hakukunja hata uso. Muda wote huo alikuwa akipumua mwenyewe. Baada ya kama robo saa akaanza kunong'ona: "Mjomba, nilikuwa darini, nawaona nyote mmeniinamia." Dada yangu, mama yake, alikuwa mlangoni. Akaanza kusoma Ayatul Kursi.

Dawa aliyochomwa inaitwa ketamini, na mimi nilikuwa naijua kwa upande mwingine kabisa. Kwa miaka mingi nimeshika funguo za stoo ya dawa. Nimeandika tarehe zake za kuisha, nimehesabu vichupa vyake, mililita 10 kila kimoja, miligramu 50 katika kila mililita. Lakini kuhesabu dawa ni kama kuhesabu samaki pale sokoni Deep Sea, hapa Tanga: unajua wangapi wamefika, hujui bahari ilikuwaje. Usiku ule ndipo nilipoiona bahari yenyewe.

Ubishi juu ya dawa hii upo, na siku hizi umefika hata kwenye vijiwe vyetu vya kahawa. Wako wanaosema ni dawa ya kulevya iliyovaa koti la daktari, ifungiwe kama zilivyofungiwa nyingine. Wako wanaosema ukiifungia utaua akina mama wa vijijini Kilindi na Mkinga kabla hujamwokoa kijana hata mmoja. Nimewasikiliza wote. Nina upande wangu, ila hao wa upande wa pili si wajinga, na hoja yao moja imenikaa kooni.

Kwanza tuijue dawa yenyewe. Sisi wa pwani tuna neno la usingizi wa hospitali: nusu kaputi. Neno hilo lina harufu ya Wajerumani, ambao "kaputt" kwao ni kitu kilichoharibika, kilichokwisha. Babu zetu walimwona mtu amelazwa thieta, hasikii, hajitikisi, lakini hajafa, wakasema basi huyu ni nusu yake. Sijui neno lililoeleza jambo vizuri kuliko hilo. Ila dawa nyingi za nusu kaputi, kama thiopentoni, halothani au propofoli, humzima mtu kama unavyopunguza utambi wa taa: zinaongeza nguvu ya breki ambazo ubongo wenyewe unazo, mpaka kila kitu kinapungua kwa pamoja, fahamu, pumzi na presha.

Ketamini haikanyagi breki. Katika ubongo kuna kemikali iitwayo glutamati, ambayo kazi yake kubwa ni kuamsha, kupeleka habari kutoka seli moja kwenda nyingine. Glutamati inapokelewa kwenye vipokezi vya aina kadhaa, na aina moja inaitwa NMDA. Hicho kipokezi ni kama mlango wenye tundu, na ketamini inakwenda kuziba tundu lile kama kizibo cha chupa. Matokeo yake ni kwamba jicho linaona, sikio linasikia, ngozi inaguswa, lakini habari hazimfikii mwenyewe. Ubongo unakuwa na shughuli nyingi, ila vyumba vyake haviongei. Kwenye uti wa mgongo nako dawa hiyo hiyo inakata njia ya maumivu. Na wakati huo huo inachochea homoni za mshtuko, kwa hiyo moyo unaenda mbio, presha inapanda, mirija ya mapafu inatanuka. Ikipita mshipani inashika ndani ya dakika moja, na mgonjwa anakuwa tayari kwa kisu kwa dakika 10 hadi 15. Ikipita kwenye msuli inachukua dakika 3 mpaka 5 kushika, na inakaa zaidi. Ini ndilo linaloivunja, na kile kinachotokana nayo, norketamini, kina nguvu yake ya kutuliza maumivu. Ndiyo maana mpwa wangu alizinduka lakini hakulia mguu mara moja.

Hali hiyo ya mtu kutengwa na mwili wake ndiyo iliyoipa dawa jina lake la kitaalamu huko Marekani, na hadithi yake si safi sana. Mwaka 1956 kampuni ya Parke-Davis ilipata dawa iitwayo fensiklidini, PCP. Ilitoa usingizi, lakini watu walizinduka wamechanganyikiwa kwa saa nyingi, wengine wakali. Mwaka 1962 mkemia Calvin Stevens akaunda ndugu yake mwenye nguvu ndogo na muda mfupi. Mwaka 1964 Edward Domino na Guenter Corssen wakaijaribu kwa binadamu kwa mara ya kwanza, na binadamu hao walikuwa wafungwa wa gereza moja la Michigan. Naliandika hilo makusudi. Mfungwa akisema "nimekubali", mtu mwenye akili timamu hujiuliza amekubali vipi. Mke wa Domino, aliposimuliwa kwamba wale watu walikuwa kama wametenganishwa na nafsi zao, ndiye aliyependekeza jina: "dissociative", yaani dawa ya kutenganisha. Mwaka 1970 dawa ikaruhusiwa rasmi, ikaenda Vietnam kwa majeruhi wa vita, na mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Iko humo mpaka leo.

Sasa hoja za wanaoitetea. Mtu wa mjini, anayekaa Chumbageni au Raskazone na hospitali ya Bombo iko jirani, hawezi kuzielewa vizuri. Afikirie usiku wa masika kwenye kituo cha afya kilichoko mbali na lami. Ameletwa mama ambaye mimba imetunga nje ya kizazi na mrija umepasuka, damu imejaa tumboni, presha iko chini. Ukimpa propofoli, presha inazidi kushuka. Ukimchoma sindano ya mgongo, nayo inashusha presha. Mashine ya gesi inataka umeme, mtungi wa oksijeni na fundi wa kuitengeneza ikigoma. Ketamini inataka sindano, mshipa na mtu anayejua anachofanya. Haidai friji, na haimnyang'anyi mgonjwa pumzi yake kwa urahisi. Presha inaishikilia, japo kwa aliyevuja damu kupita kiasi hata hiyo hushindwa. Tume ya jarida la tiba la Lancet mwaka 2015 ilisema watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wakati wanapouhitaji, na kwamba kila watu 100,000 wanahitaji angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa jumla. Sisi tuko mbali sana na hapo. Wilayani kwetu, anayelaza mgonjwa mara nyingi ni muuguzi au tabibu aliyeongezewa mafunzo, na anafanya kazi hiyo usiku na mchana.

Watetezi hupenda kutaja pango la Tham Luang, Thailand, Juni na Julai 2018. Watoto 12 wa timu ya mpira na kocha wao walinaswa ndani, maji yamejaa njiani. Daktari wa usingizi kutoka Australia, Richard Harris, aliwachoma ketamini ya msuli, pamoja na dawa ya kutuliza wasiwasi na atropini ya kukausha mate, kisha wazamiaji wakawapitisha chini ya maji wamelala. Dawa ilipopungua nguvu njiani, wazamiaji wenyewe, watu wasio madaktari, waliongeza sindano. Wote 13 walitoka hai. Hoja ni kwamba dawa ambayo mzamiaji anaweza kumchoma mtoto gizani, ndani ya pango, itamshindaje tabibu wa Handeni?

Nami nilikuwa nikiusimulia mfano huo kwa kujigamba, mpaka nilipousoma vizuri. Kila mtoto alikuwa na mzamiaji wake. Mmoja kwa mmoja, saa nzima nzima, jicho kwenye mapovu ya hewa yanayotoka kwenye barakoa: yakitoka, mtoto anapumua. Harris aliwafundisha, akawagawia sindano zilizokwisha kuandaliwa, na yeye mwenyewe hakuwa na uhakika kwamba watoto wangefika. Watu wanaikumbuka dawa, yule mzamiaji wanamsahau.

Hapo ndipo hoja ya wapinzani iliyonikaa kooni inapoanzia. Wanasema sifa ya "dawa salama" imetulemaza. Na ni kweli. Kwa kuwa ketamini haizuii pumzi kwa kawaida, mtu anamchoma mgonjwa, anavaa glovu, anaanza kupasua yeye huyo huyo, na kichwani hakuna aliyekaa. Lakini ikisukumwa haraka mshipani inaweza kusimamisha pumzi. Mate yale niliyoyaona yanaweza kushuka kooni, koo likajibana likafunga njia ya hewa, hasa kwa watoto. Na ile presha inayopandishwa, ambayo ni baraka kwa mama anayevuja damu, ni balaa kwa mama mwenye kifafa cha mimba, ambaye presha yake tayari iko juu inatafuta mshipa wa kupasua kichwani. Wajawazito wawili, kitanda na kitanda, kichupa kile kile: mmoja kinamwokoa, mwenzake kinaweza kumwua. Dawa ya namna hiyo huwezi kuiita salama ukanyamaza. Unasema ni salama kwa nani, na nani anamwangalia.

Halafu kuna ndoto, na hapa Tanga ndoto zina uzito wake.

Watu wazima wanaozinduka kutoka kwenye ketamini, si wachache, huona mambo. Mwingine anaelea, mwingine anapita kwenye handaki lenye mwanga, mwingine anazungumza na marehemu, mwingine anapiga kelele akitaka kushuka kitandani. Watoto hawapatwi sana na mambo hayo. Inapita yenyewe dawa inapoisha, na dozi ndogo ya dawa ya kutuliza, midazolamu au valiamu, inaipunguza, vivyo hivyo chumba tulivu na sauti anayoifahamu mgonjwa. Lakini sisi ni watu wa kuamini majini na mizimu. Mji huu na viunga vyake una waganga wa kila daraja, na mtu akizinduka anaongea lugha isiyoeleweka, macho yanacheza, ndugu hawaulizi kipokezi gani kimezibwa. Wanauliza mzimu wa upande gani, wa baba au wa mama. Dada yangu alikaa wiki mbili akiamini mwanawe alitolewa roho ikarudishwa. Alitaka kumpeleka kwa mtu Muheza. Kilichomtuliza ni yule mama wa usingizi, aliyemwambia siku ya kliniki kwa utaratibu: "Dada, ni dawa ile. Nilipaswa kukwambia kabla, nilizidiwa na kazi, unisamehe." Sentensi mbili kabla ya sindano, "utaona vitu, usiogope, vitapita", hazinunuliwi Bohari ya Dawa. Mtu aliyeambiwa hivyo huenda safari yake akiwa na nauli ya kurudi. Wenyewe tunasema Tanga ni waja leo, waondoka leo.

Tukija kwenye ulevi, sitaupunguza. Ketamini inalewesha, watu wanaizoea, na kadiri wanavyoizoea wanataka nyingi zaidi. Madhara yake ya ajabu kabisa yako kwenye kibofu cha mkojo. Mwaka 2007 madaktari wa Toronto walieleza habari za watumiaji ambao kibofu chao kilikuwa na vidonda na kimesinyaa, wanakwenda haja ndogo kila baada ya dakika chache, kwa maumivu na damu. Hong Kong nako waliwaona wengi wa namna hiyo. Wengine huishia kuondolewa kibofu, vijana wa miaka ishirini na kitu. Uingereza mwaka 2014 iliipandisha daraja la adhabu kwa sababu hiyo. Kisha ikaja Oktoba 2023: mwigizaji Matthew Perry, miaka 54, akakutwa amekufa kwenye bwawa la maji ya moto nyumbani kwake, na uchunguzi ukasema ni athari za ketamini, na kuzama kukachangia. Alikuwa akiipata kwa ajili ya sonona, ambayo kweli dawa hii inaigusa: mwaka 2019 Marekani iliruhusu aina yake ya kupuliza puani, esketamini, kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa, kwa masharti kwamba inatumiwa kituoni na mgonjwa akae saa 2 akiangaliwa. Perry kituoni alikuwa akitibiwa, lakini iliyomwua ilikuwa ya mlango wa nyuma, akichomwa nyumbani na msaidizi wake. Pale Aurora, Colorado, mwaka huo huo wa 2019, kijana Elijah McClain alikwisha kukabwa na polisi ndipo wahudumu wa dharura wakamchoma miligramu 500, kipimo cha mtu mkubwa kuliko yeye. Hakupona. Wahudumu hao walitiwa hatiani.

Kwa hiyo anayesema "ifungieni" ana makaburi ya kuonyesha. Na sisi wa pwani tumeumwa na nyoka. Unga wa heroini umepita kwenye mitaa ya Ngamiani ukaacha nyumba zenye vitanda vitupu. Kila familia ina mtu wake, au jirani yake. Mzee aliyemwona mwanawe akigaragara na arosto ukimwambia kuna dawa nyingine ya kulevya iko kabatini kituo cha afya, atakwambia ichome moto. Simlaumu.

Ila tuangalie kufungia huko kukoje. Mwaka 2015 China, iliyokuwa na tatizo kubwa la viwanda vya siri vya ketamini, ilipeleka ombi Umoja wa Mataifa dawa hii iwekwe chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971. Shirika la Afya Duniani likakataa, kama lilivyokataa kabla, kwa hoja kwamba nchi maskini zitakosa usingizi wa upasuaji. Kura ikaahirishwa. Wengine waliona ni woga wa bure, kwani sheria ya kimataifa haizuii matumizi ya hospitali. Kwenye karatasi haizuii. Niulizeni mimi niliyeshika funguo. Morfini nayo haijazuiwa hospitali. Lakini kila kibali, kila muhuri, kila fomu ya nakala tatu, ni siku nyingine mgonjwa wa saratani analia usiku kucha kule milimani, na ni mfamasia mwingine anayeamua kwamba heri asiagize kabisa kuliko kuja kuhojiwa. Dawa haifi kwa amri, inakufa kwa usumbufu. Ketamini ikipelekwa njia hiyo, mwuzaji wa magendo hatajaza fomu. Atakayejaza ni yule tabibu wa usiku wa masika.

Mahali penye tundu halisi ni kwingine, na ajabu sijasikia mtu akipataja kwenye ubishi huu. Ni masalia. Kichupa kimoja kina miligramu 500. Mgonjwa mmoja wa kawaida, sindano ya mshipa, anaanza kwa robo yake au pungufu. Iliyobaki inakwenda wapi? Daftari langu liliandika "kichupa 1, kimetumika". Kimetumika chote? Kwa mgonjwa mmoja au watatu? Kilichobaki kilimwagwa mbele ya nani? Nilisaini ukurasa baada ya ukurasa bila kuuliza, na sikuwa peke yangu. Anayetaka kuiba hahitaji kuvunja kabati, anahitaji tu kuokota kilichobaki kwenye trei. Ukiagiza vichupa vidogo zaidi, ukaandika miligramu badala ya vichupa, ukadai saini mbili wakati wa kumwaga, umeziba zaidi ya azimio lolote la Umoja wa Mataifa kule Vienna. Kazi hiyo inachosha, haina kamera wala utepe wa kukata, labda ndiyo maana haizungumzwi.

Mfano wake tunao hapa hapa mjini. Nenda kliniki ya methadoni pale Bombo asubuhi. Methadoni ni jamii moja na heroini, na ukiizidisha inaua. Hawajaifungia wakaondoka. Wanamkabidhi mtu kikombe chake, na mhudumu anasimama anamtazama mpaka ameze. Kesho tena, na keshokutwa. Dawa kali mkononi mwa watu waliokwisha kuumizwa na dawa, na kinachoishika isimwagike mitaani ni jicho la mhudumu mmoja aliyechoka.

Msimamo wangu basi ni huu: kabati libaki wazi kwa tabibu, daftari libane, na kituo kisiruhusiwe kufanya upasuaji kwa ketamini kama hakina mtu wa kukaa kichwani mwa mgonjwa, asiye na kazi nyingine, na kipima oksijeni cha kidoleni. Najua jibu la wakuu wa vituo: huyo mtu hatuna. Ni jibu la kweli, na kwa mama anayevuja damu usiku huu sitamwambia tabibu asubiri ajira mpya. Amchome, amwokoe. Lakini mvunjiko wa mguu wa saa nne asubuhi, ngiri isiyo na haraka, tohara ya mtoto, hizo zinaweza kusubiri mpaka wawe wawili. Wengi wanaodhurika na dawa "salama", kwa ninavyowasikia watu wa thieta, si wale wa dharura kubwa. Ni wale wa kazi ndogo, ambao hakuna aliyeona haja ya kuwaangalia.

Mpwa wangu alirudi mwaka uliofuata kutolewa chuma alichowekwa baadaye kwenye mfupa. Yule mama wa usingizi akamweleza safari hii kila kitu, ketamini au sindano ya mgongo, na kila moja inavyokuwa. Kijana akafikiri kidogo, akachagua sindano ya mgongo. Alisema darini ameshapaona, mara hii anataka kusikia wanamsema nini.